Mrejesho: sakafu ya zege inayolowa

Niliuliza kwa nini sakafu ya nyumba yetu ya zamani inalowa na kapeti linaota ukungu. Nimefanya jaribio mlilonielekeza: kipande cha nailoni nikakilaza juu ya zege, kingo zote nikazibana kwa tepu, nikakiacha siku nzima. Kukifunua, matone yamejaa upande wa chini na zege limekuwa jeusi. Basi unyevu unapanda kutoka ardhini. Bomba halivuji, mita haikusogea. Kumbe nje udongo ulishapanda juu ya usawa wa sakafu! Tumeuchimba hadi sentimita 15 chini yake. Unga mweupe wa chumvi uliotokeza juu ya zege nimeusugua kwa brashi kavu. Dawa ya kuzuia unyevu bado sijapaka. Zege nene hukauka kwa miezi, nami nasubiri. Asanteni sana, nilikuwa karibu kubomoa sakafu yote.