Tupeane uzoefu: watoto na miradi ya wanyama darasani

Wakuu, salaam. Nafundisha Darasa la Tatu hapa Arusha, pande za Moshono. Muhula huu niligawa watoto kwenye vikundi, kila kikundi kichague mnyama na swali lake. Sharti: mnyama awe wa kuonekana kwa macho, na jibu lisitoke kitabuni.

Kikundi kimoja kikaja na viluwiluwi kwenye beseni. Ubishi ukawa mmoja, miguu ipi inaota kwanza, ya mbele au ya nyuma? Wakapiga kura, ya mbele ikashinda. Kila asubuhi kabla ya kengele wanachora walichokiona. Ilipochomoza ya nyuma, yule binti aliyeshindwa kura alizunguka na beseni madawati yote, maji yanamwagika, na sikuwa na moyo wa kumkalisha. Angalizo: maji ya bomba yaacheni wazi siku nzima kwanza, dawa ipungue. Wengine mmefanyaje?

Mama Wawili, Sakina
Hongera mwalimu, ila wengine hatuna bahati hiyo. Kikundi cha mwanangu kilipewa tembo. Tembo! Wakahamia sebuleni kwangu Jumamosi nzima, nikaishia steshenari kuprinti picha za rangi na kununua manila. Maelezo kaandika baba yake, mtoto kayakariri kama ngonjera. Alama wakapata nzuri. Sasa aliyefanya utafiti hapo ni nani?

Mangi wa Majengo
Dada, pole. Huku Moshi sisi tulikwenda na konokono, hana gharama, mvua za masika zikianza wamejaa migombani. Swali la watoto: anapenda kula nini? Wakapanga kwenye boksi mchicha, ganda la papai, jani la mgomba na ganda la yai. Mimi mwenyewe nilijua ganda la yai ni utani wa yule mtundu wao. Kesho yake limekwanguliwa! Kikundi kikagawanyika, wengine wanasema kalila, wengine wanasema kapanya kapita usiku. Wakarudia, safari hii boksi likafungwa na chandarua. Likakwanguliwa tena.

Halafu mmoja akakumbuka kwamba kwao konokono hupanda ukuta uliopakwa chokaa na kuacha michirizi. Tukaenda kuangalia, kweli chokaa imelambwa. Ndipo nikawaeleza kwamba gamba lake linajengwa kwa madini hayo hayo yaliyo kwenye chokaa na kwenye ganda la yai. Ningewaeleza siku ya kwanza wasingenisikia. (Wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, hilo halina mjadala.)

Ticha Rau
Kinyonga kwangu aligoma kuingia darasani, au niseme wazazi ndio waliogoma, maana wengi hapa wanamwona ni mkosi. Tukamfuata kwenye ua wa shule. Watoto wakatandika khanga nyekundu kwenye tawi wakisubiri awe mwekundu. Akapita juu yake taratibu na ukijani wake, jicho moja linatazama mbele, jingine nyuma. Walichukia! Swali likabadilika lenyewe: kama hafuati rangi ya nguo, anafuata nini? Wakaanza kuandika jua likiwaka, wingu likitanda, akiguswa. Walipogundua kwamba asubuhi ya baridi anakuwa mweusi mweusi halafu anapauka akishapata joto, nikawaacha waendelee bila mimi.

Mama Wawili, Sakina
Ticha, na yule mtoto asiyefanya kitu kwenye kikundi mnamfanyaje? Kwetu wawili wanachora, waliobaki wanapiga soga.

Ticha Rau
Dada yangu, watoto watano kwa mnyama mmoja ni wengi. Weka watatu. Mmoja anatazama, mmoja anaandika, mmoja anapima kwa rula, kesho wanabadilishana. Darasa likiwa na watoto themanini hesabu inagoma, hapo ndipo najuta kuzaliwa mwalimu, haha.

Mstaafu, Usa River
Wajukuu, mmesahau kuku. Tetea aliyeatamia, mayai yake yameandikwa namba kwa penseli, siku 21 zipo ukutani kwenye kalenda. Usiku unamulika yai kwa tochi, mishipa inaonekana ndani kama mizizi. Sema yale yasiyoanguliwa watoto watataka kuyapasua. Mwalimu, yapasulieni nje, na mkae upande upepo unakotoka.