Kwa nini tarehe ya Karva Chauth hubadilika kila mwaka?

Swali: Naomba kufahamishwa jinsi siku ya Karva Chauth, saumu ambayo wanawake Wahindu walioolewa hufunga kwa ajili ya maisha marefu ya waume zao, inavyopangwa. Mwaka 2023 iliangukia tarehe 1 Novemba, 2024 tarehe 20 Oktoba na 2025 tarehe 10 Oktoba. Isitoshe, kalenda za kaskazini mwa India huiweka katika mwezi wa Kartik, ilhali za Gujarat huiweka Ashwin.

Jibu la kwanza: Miezi hiyo hufuata mwandamo, na kumi na miwili kati yake hutimiza takriban siku 354, kwa hiyo saumu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka mpaka uongezwe mwezi wa ziada, jambo linalotokea kila baada ya miezi 32 au 33 hivi. Mwaka 2023 mwezi wa Shravan ulirudiwa, ndiyo maana saumu ikasogea hadi Novemba. Kuhusu Kartik na Ashwin, tofauti ni ya jina tu: kaskazini mwezi huisha siku ya mbalamwezi kamili, na Gujarat huisha siku ya giza. Siku yenyewe ni ya nne baada ya mwezi mpevu, kokote uendako.

Jibu la pili: Naongezea jambo ambalo mwenzangu amelipita. Hiyo “siku ya nne” ni tithi, yaani muda ambao mwezi unatumia kuachana na jua kwa nyuzi 12 zaidi. Huchukua kati ya saa 19 na 26 hivi na huweza kuanza saa yoyote, hata usiku wa manane. Sikukuu nyingi hutazama tithi iliyopo jua linapochomoza. Kanuni hiyo ingetumika hapa, saumu ya 2024 isingepata siku, kwa kuwa mjini Delhi tithi ya nne ilianza baada ya mawio ya tarehe 20 na kwisha kabla ya mawio ya tarehe 21. Karva Chauth hutazama kuchomoza kwa mwezi, maana mfungaji hafungui mpaka auone. Mwaka 2025 ulikuwa mgumu zaidi: tithi ilianza usiku wa tarehe 9, mwezi ukiwa umekwisha kuchomoza, ikaisha jioni ya tarehe 10 kabla mwezi haujachomoza tena. Isipopatikana jioni yoyote kati ya mbili, huchukuliwa siku ya pili.

Jibu la tatu: Tafadhali msiichanganye na saumu ya Vat Savitri, ambayo nayo ni ya wake. Kaskazini hufungwa siku ya giza ya mwezi wa Jyeshtha, na Maharashtra hufungwa siku ya mwezi mpevu, yapata siku 15 baadaye. Huko tofauti si ya jina. Ni siku mbili mbalimbali.