Tupeane uzoefu: ruta ya laini nyumbani, umeiweka wapi na ilipogoma ulifanyaje?

Mdau wa Goba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Hizi ruta zinazotumia laini ya simu zimeingia majumbani kwa kasi, hasa mitaa ambayo faiba haijafika. Huku kwetu Goba naona mtu ananunua, anaichomeka nyuma ya TV kwa sababu ndipo soketi ilipo, baada ya wiki analalamika intaneti inasuasua, kisha anahamia mtandao mwingine. Akihama, tatizo linahama naye. Inaniuma, maana hela za kifurushi watu wanazitafuta kwa jasho. Naomba kila mwenye ruta aeleze yaliyomkuta, ili anayenunua kesho asianzie sifuri.

Naanza mimi. Nyumba yetu ni tofali za saruji, bati la msauzi, madirisha yana nondo. Sebuleni ruta ilionyesha vijiti vitatu lakini spidi haivuki megabiti 4. Nikafungua ukurasa wake kwenye brauza. Anwani iko kwenye kibandiko chini ya ruta. Nyingi hutumia 192.168.8.1, 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukishaingia, achana na vijiti, tafuta namba mbili: RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mawimbi na huandikwa kwa hasi: -80 ni nzuri, -100 inavumilika, ikishuka chini ya -110 jiandae kwa tabu. SINR ni usafi wa mawimbi hayo. Ikivuka 20 ni raha. Ikikaribia sifuri video itazunguka tu hata vijiti viwe vimejaa.

Sebule ilisoma -109, SINR 2. Nikachukua ekstensheni ndefu, nikatembea na ruta chumba hadi chumba, dirisha hadi dirisha, kila mahali naiacha dakika mbili itulie ndipo nasoma. Dirisha la stoo, linalotazama bondeni upande wa mnara, likatoa -91 na SINR 14. Ruta imekaa humo mpaka leo na asubuhi napata megabiti 25 kwenda juu, kwa laini ileile na bando lilelile.

Karibuni.

Mdau wa Mbagala

Mkuu, hapo kwenye SINR umegusa penyewe. Mimi nina minara miwili pande mbili za nyumba, na ruta ilikuwa inarukaruka kati yake. Kila ikiruka, simu ya video inakatika. Kwenye setingi za mtandao nikakuta sehemu ya kuchagua bendi, yaani masafa ya mawimbi ambayo ruta inatumia. Bendi 20, yaani 800 MHz, inafika mbali na inapenya kuta, lakini kwangu jioni inajaa watu. Bendi 3, yaani 1800 MHz, haipenyi kama hiyo ila ina upana zaidi. Nikaifungia Bendi 3, ruta ikiwa dirishani. Saa mbili usiku bado spidi inashuka, ila simu hazikatiki tena. Si ruta zote zinaruhusu hili, kwa hiyo kabla hujalipa muulize muuzaji.

Dada wa Dodoma

Asante kaka kwa uzi huu. Kwangu mawimbi hayana shida, shida ilikuwa bando. Nalipia la mwezi, tarehe 12 limekwisha. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa nikakuta majina ya simu nisizozijua. Nina wapangaji uani, na pasiwedi ni ileile ya kwenye kibandiko ambacho mgeni yeyote anaweza kukipiga picha. Nilibadilisha pasiwedi ya Wi-Fi pamoja na ile ya kuingilia kwenye ukurasa wa ruta. Hii ya pili wengi wanaisahau, na mtu akiwa nayo, akipata tu kuunganishwa kwenye ruta, ataweza kusoma pasiwedi yako mpya. WPS nayo, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi bila pasiwedi, nimeizima.

Wapangaji sikuwanyima. Nimewafungulia mtandao wa wageni, tunachangia, na jina lake ni tofauti.

Halafu mwangalie laptopu. Ya mwanangu ilikuwa inashusha apdeti za Windows usiku kucha. Kuna mahali unaiambia kwamba Wi-Fi hii inahesabiwa data, ikatulia. Simu za watoto nazo zilikuwa zinapandisha video zote kwenye hifadhi ya mtandaoni mara tu zinapoona Wi-Fi. Hayo mawili tu yalikuwa yanakula kuliko sisi tunaotazama.

Mdau wa Kisauni

Hamjambo ndugu zangu. Langu ni onyo kwa wanaoletewa vifaa kutoka ng'ambo. Shemeji yangu aliniletea ruta nzuri sana kutoka Marekani. Nikatia laini, ikagoma, kumbe imefungwa kwa kampuni ya huko. Fundi akaifungua, ikashika 3G peke yake. 4G haikuonekana hata nilipopanda nayo darini. Kilichokuja kujulikana ni kwamba ruta yenyewe ilitengenezwa kwa bendi za kule, kama 2, 4 na 12, ilhali huku kwetu 4G hutegemea zaidi bendi kama 3, 7, 20 na 28. Hilo halitibiki kwa setingi. Ukiagizia ndugu yako, mwombe kwanza picha ya ule upande wa boksi ulioandikwa bendi.

Yangu sikuitupa. Nimeiunganisha kwa waya na ruta ya hapa, sasa inasambaza Wi-Fi nyumba ya nyuma.

Mdau wa Tabata

Wakuu nisaidieni. Ruta imewaka, simu inajiunga na Wi-Fi, ila inaandika hakuna intaneti. Bando lipo.

Mdau wa Goba

Mkuu, itoe laini uiweke kwenye simu, ufungue ukurasa wowote. Ikifunguka, laini ni nzima na wa kushukiwa ni APN, yaani lile jina la kuingilia intaneti ya kampuni yako ya simu. Itazame ilivyoandikwa kwenye simu, uinakili kwenye ruta herufi kwa herufi, hifadhi, zima, washa. Isipofunguka, usiseme moja kwa moja kwamba laini ni mbovu: vifurushi vingine vya ruta vimefungwa kwenye IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) ya ruta uliyouziwa pamoja navyo, havifanyi kazi kwenye kifaa kingine. Hapo piga huduma kwa wateja ukiwa na IMEI mkononi.

Mdau wa Tabata

APN ilikuwa tupu. Nimejaza, inafanya kazi. Mungu akubariki mkuu.

Mdau wa Morogoro

Niongezee la umeme. Ruta ikianza kujizima na kujiwasha yenyewe, hasa watu wengi wakiunganishwa, tazama adapta kabla ya kumlaumu mtu. Adapta ya awali iliungua, dukani wakanipa nyingine yenye tundu linaloingia vizuri. Ile ya zamani iliandikwa 12V 2A, hii mpya 12V 0.5A. Taa zote zinawaka, lakini nguvu haitoshi ruta ikianza kufanya kazi kwa bidii. Volti lazima zilingane; ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Hakikisha pia ule mchoro wa chanya na hasi unafanana.

Kwa siku za kukatika umeme nina UPS (betri ya akiba) ndogo ya 12V, inakaa nyuma ya ruta. Umeme unakwenda, kikao changu cha mtandaoni kinaendelea.

Mdau wa Arusha

Mnaikumbuka Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ikazorota Afrika Mashariki? Nina duka la stesheneri na siku ile mtaa mzima ulinijia na ruta. Wengine walikuwa wameshabonyeza kile kitufe cha ndani kwa pini mpaka setingi zote zikafutika, kwa hiyo hata intaneti iliporudi wao walibaki gizani, wanatafuta APN. Tangu hapo kila anayenijia namuuliza: RSRP yako ni ileile ya kila siku? Jirani mwenye mtandao mwingine anapata? Kama namba ni zilezile na jirani naye hapati, kaa usubiri, usiguse kitu.

Mdau wa Handeni

Sisi wa mbali na mnara dirisha halitutoshi. Niliweka antena ya nje kwenye bomba juu ya paa, nikaizungusha polepole huku kijana ananisomea namba ndani. RSRP ilitoka -115 ikaja -98. Nunua waya mfupi na mnene, kwa sababu waya mrefu mwembamba unayala mawimbi kabla hayajafika kwenye ruta. Wangu ni mita 5. Na kagua kwanza kama ruta yako ina matundu ya antena, kuna zisizokuwa nayo kabisa. Mwenye picha za namba zake kabla na baada ya antena aziweke hapa, tulinganishe.