Robert Neyland: aliwezaje kuwa afisa wa jeshi na kocha wa chuo kwa wakati mmoja?

Mpenda_Historia
Wakuu habari zenu. Nimekuwa nasoma kuhusu Robert Neyland, kocha wa Chuo Kikuu cha Tennessee, ile futiboli ya Marekani ya kukimbia na mpira mkononi. Kuna kitu sielewi, jamaa kapewa timu 1926 na bado ni afisa wa jeshi kabisa, hajastaafu. Jeshi lilimruhusuje? Na je huo ujeshi ulimsaidia chochote uwanjani au watu walipenda tu kumwita Jenerali? Mwenye kujua anifafanulie.

Mzee_wa_Kumbukumbu
Mkuu, hakuwa anatoroka kazini, kuwepo chuoni ndo ilikuwa kazi yenyewe. Marekani wana mpango wa kuandaa maafisa wa jeshi vyuoni, wanauita ROTC, na jeshi linapeleka maafisa wake wafundishe hukohuko. Neyland alifika Tennessee 1925 kwa mlango huo, anafundisha masomo ya kijeshi na anasaidia timu, mwaka uliofuata Nathan Dougherty, profesa wa uhandisi aliyekuwa anasimamia michezo, akamkabidhi timu nzima, na kikubwa alichotaka ni Vanderbilt, chuo pinzani hapohapo jimboni Tennessee, wafungwe maana walikuwa wanawaonea karibu kila mwaka.

Ila jeshi ndo lilibaki na kauli ya mwisho. 1935 likampeleka Panama kwenye eneo la mfereji, msimu mzima timu ikacheza bila yeye. 1936 akastaafu akiwa meja akarudi kwenye timu. 1941 akaitwa tena, vita ikampeleka mpaka India, akasimamia mizigo ya jeshi Kolkata, akamaliza akiwa brigedia jenerali kweli, na 1946 huyo tena uwanjani. Na hakuwa peke yake, hata Eisenhower, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipokuwa luteni kijana Texas alifundisha timu ya chuo kimoja San Antonio, 1916.

Binti_Takwimu
Mi nijibu swali la pili maana hapo ndo patamu. Watu wakisikia kocha mwanajeshi wanawaza kelele na amri, lakini Neyland alikuwa mhandisi, katoka West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, 1916 akaingia kikosi cha wahandisi, akasoma MIT, chuo maarufu cha uhandisi, akawa pia mpambe wa Jenerali MacArthur wakati MacArthur ni mkuu wa West Point. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa timu inayofanya makosa machache ndo inayoshinda. Basi hakuona shida kuupiga mpira mbali kwa mguu mapema, hata kama bado ana nafasi ya kushambulia, ili mpinzani aanzie karibu kabisa na mstari wake mwenyewe, halafu anamsubiri akosee hukohuko. Msaidizi wake alikaa juu jukwaani na simu, anaona mpangilio wote wa wapinzani anautuma chini kwenye benchi, kama mwangalizi wa mizinga.

Sasa angalia matokeo: mechi 216, kashinda 173, kafungwa 31, sare 12, na katika hizo 112 mpinzani hakupata hata pointi moja, yaani zaidi ya nusu ni klinishiti! Msimu wa 1939 mechi 10 zote kabla ya Rose Bowl, ile mechi kubwa ya kufunga msimu, walipata pointi 212 na hawakuruhusu hata moja, na hakuna timu kubwa ya chuo iliyorudia hilo mpaka leo. Kwenye Rose Bowl yenyewe wakapigwa 14-0 na USC, chuo cha California, inauma sana.

Mbishi_wa_Hoja
Dada uko sawa ila tusilipe jeshi sifa zote. Baada ya vita aliyumba, 1947 kashinda 5 kafungwa 5, 1948 kashinda 4 kafungwa 4 sare 2, wenzake wengi walishahamia mfumo mpya wa T, yaani namna ya kupanga wachezaji wakati wa kushambulia, na yeye kang'ang'ania wa zamani, watu wakaanza kusema mpira umeshampita. 1951 akachukua ubingwa wa taifa kwa mfumo huohuo wa zamani. Hiyo sio nidhamu ya kambini, ni mtu anayejua vizuri anachofundisha na hayumbishwi na maneno.

Na kingine lazima kisemwe, timu zake zote zilikuwa za wazungu watupu. Mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea Tennessee ni Lester McClain, 1968, Neyland kashafariki tangu 1962. Kuna vijana wangapi wenye kipaji hapohapo Tennessee hawakupata hata nafasi ya kujaribiwa? Mi nikisoma zile rekodi nasoma na hilo.

Mpenda_Historia
Asanteni sana wakuu, hiyo ya McClain sikuijua kabisa. Na ule uwanja wa chuo hapo mjini Knoxville wenye jina lake, ni heshima tu au alihusika kuujenga?

Mzee_wa_Kumbukumbu
Alihusika. 1921 ulianza na watu 3,200 tu, akaja yeye na uhandisi wake akashiriki mwenyewe kupanga namna ya kuupanua. Leo unaingiza zaidi ya 100,000, jina lake ukapewa 1962.