Subaru Impreza turbo ya 1999 imekataliwa MOT (ukaguzi wa magari wa kila mwaka Uingereza) kwa moshi

Boksa99: Wakuu, niko Uingereza. Injini ikiwa mizunguko 2,800 kwa dakika: CO (kaboni monoksidi) 1.4% (kikomo 0.3), HC (petroli isiyoungua) 310 ppm (kikomo 200), lambda (uwiano wa hewa na petroli, 1 ndiyo sawa) 0.95. Ninunue katalisti mpya (kisafisha moshi cha eksozi)?

Spana14: Usinunue bado. Lambda 0.95 ina maana petroli imezidi hewa. Hapo hata katalisti mpya haina oksijeni ya kuunguzia CO. Pasha injini, usome sensa ya oksijeni ya mbele: volti zipande na kushuka kati ya 0.1 na 0.9. Zikiganda, ama sensa imekufa au eksozi inavuja kabla yake. Uvujaji huo unavuta hewa ya nje, kompyuta ya injini inadhani petroli ni kidogo, inaongeza.

MkonoWaGrisi: Naongeza: kagua na sensa ya joto la maji. Ikisema injini ni baridi wakati iko 90°C, petroli inamwagwa tu. Kagua pia paipu za intakuula (kipoza hewa ya turbo): hewa ikishapimwa kisha ikavuja, hesabu inaharibika. Kuvuja huko hupati kwa macho, puliza moshi.

Spana14: Oili ikinuka petroli, badilisha kabla ya kurudi. Endesha dakika 20 gia ya tatu ili katalisti ipate moto, na usizime injini ukiwa kwenye foleni ya MOT.