Nimelipia simulizi mpaka mwisho, kaikata kwenye "hakuwa mwingine bali", nimeuliza bali nani KANITOA KWENYE GRUPU

Zamu ya Usiku:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe herufi.

Yule mtunzi mnamjua. Jina silitaji na hakuna haja, maana hakuna mwenye simu ya tachi nchi hii ambaye hajarushiwa sehemu yake ya kwanza na shemeji. Yule wa "muendelezo njoo inboksi". Yule aliyepiga picha na miwani myeusi, usiku, ndani ya gari lisilo lake. Huyo huyo.

Jana saa nane usiku kanikatia stori hapa: "Mlango ukafunguka taratibu. Rehema akapiga yowe. Aliyesimama pale hakuwa mwingine bali". Basi. Bali! Hata nukta hakuweka, kama mtu aliyeitwa kula.

Mimi si msomaji wa vitabu. Nakaa mapokezi ya gesti, zamu ya usiku, na bosi akikukuta umesinzia kibarua kimeota nyasi. Kwa hiyo mwezi mzima nilikuwa nasaka stori ya kunikaba koo mpaka alfajiri. Nimepitia za tajiri mwenye kiburi na dada wa kazi, nimesoma nane, zote tajiri anapata ajali na kupoteza kumbukumbu. Nimepitia za majini, jini la kwanza linatisha, la kumi na nne unalisalimia tu. Ndipo nikaangukia hii ya Rehema wa Kurasini, anayeokota simu inayoita ndani ya kontena lililofungwa miezi sita. Nilisoma sehemu ishirini za bure bila kunywa maji. Kuna mteja aligonga dirisha mpaka akaenda kulala gesti ya jirani.

Akasema sehemu ya 21 mpaka MWISHO ni buku mbili. Mwisho. Neno lake, na ujumbe ninao. Nikalipa, muamala ukaingia, kanitumia mpaka ya 63, na ya 63 ndiyo hiyo yenye bali.

Nikauliza kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani: "Kaka, samahani, bali nani?"

Akanijibu mbele ya watu zaidi ya mia mbili: "Huo ni mwisho wa msimu wa kwanza. Msimu wa pili unalipiwa upya. Wenye njaa ya buku mbili wakasome magazeti ya kufungia maandazi." Watu wakacheka. Nikaandika tena "bali nani kaka", haikwenda. Nimetolewa. Nimelipa, nimetukanwa, nimetolewa, na Rehema yuko mlangoni anapiga yowe mpaka sasa hivi.

Magazeti ya kufungia maandazi! Mimi!

Kibuyu Kitupu:

Aliyesimama pale hakuwa mwingine bali mteja wa gesti anaulizia chumba chenye feni.

Mama Wawili:

😂😂😂 Kibuyu mwenzio ana uchungu.

Chogo la Tandika:

Pole mkuu, ila hujakosa kitu. Mimi msimu wa pili nimelipia. Unaanza hivi: "Tuuache mlango kwanza, turudi nyuma miaka ishirini." Nipo sehemu ya saba, tuko kijijini na babu yake Rehema analima mihogo. Sehemu nzima ya tano ni mvua.

Zamu ya Usiku:

Unaniambia mlango HAUJAFUNGWA mpaka leo? Kaka yake si alizikwa sehemu ya 9, na ile pete ikaonekana sehemu ya 60? Si ni yeye pale mlangoni? Nijibuni jamani, nimeshinda sijalala.

Chogo la Tandika:

Mihogo mkuu. Sijui chochote zaidi ya mihogo.

Kalamu Kavu:

Ngoja niseme na upande wa pili, maana na mimi naandika simulizi. Naposti sehemu moja niliyoikeshea, asubuhi iko kwenye magrupu arobaini, jina langu limefutwa, limewekwa la kijana hata hajui nukta inakaa wapi. Mkija kulipia mnalia. Buku mbili hata chipsi mayai hupati, lakini mtu anataka sehemu 63 na salamu juu.

Zamu ya Usiku:

Kalamu, MIMI NILILIPA. Walioiba wasake huko waliko. Mimi nilituma hela, nikaita kaka, nikasema samahani. Maandazi yameingiaje hapo?

Kibuyu Kitupu:

Yameingia na chai.

Mzee wa Kivukoni:

Vijana mnajitakia. Mnasoma vitu ambavyo hata anayeviandika hajui vinakwenda wapi. Sisi tulikuwa na Willy Gamba, mpelelezi wa vitabu vya Elvis Musiba. Cha kwanza 1974, nyaraka za Kamati ya Ukombozi wa Afrika zimeibiwa, jamaa huyo Nairobi. Cha 1979 yuko Kinshasa analipiza damu ya wapigania uhuru. Kila kitabu kina mwanzo, kina risasi, kina mwisho. Ukikifunga umejua nani kafa. Huyu mwenye uzi akipata hivyo viwili hatakaa amuulize mtu bali nani.

Nyambizi:

Mzee shikamoo, lakini umemruka Joram Kiango. Willy ana serikali nzima nyuma yake, ana pesa na bastola ya ofisi. Joram wa Ben Mtobwa ana akili yake na mwenzake Nuru pembeni, tosha. Kuna usiku nilisoma kimoja umeme umekatika, kwa tochi ya simu, niliogopa kwenda chooni mpaka kukacha.

Mzee wa Kivukoni:

Marahaba. Joram mzuri, ila maringo mengi. Willy ni kazi tu.

Nyambizi:

Willy kazi tu? Mzee, yule kila mji ana mwanamke! Usitufiche.

Mama Wawili:

Kuhusu Joram mimi nina langu. Nilinunua pale chini Posta, kimechakaa lakini bei ya kirafiki, nikasema sawa. Nimesoma siku tatu. Nafika mahali anamwambia muuaji "sasa ninajua ulichokifanya", nafunua, jalada. Kurasa za mwisho zote zimechanwa! Nimerudi, yule mwenye meza ananiambia "dada, kwani nyingine zote si umesoma?"

Zamu ya Usiku:

Mama Wawili umenielewa. Wewe peke yako. Ila wako alikuuzia karatasi iliyochanika, hakukutukana. Wangu kaniambia maandazi, watu mia mbili wakicheka, na mmoja wao namfahamu, ananidai.

Fundi Saa:

Afadhali nyie vimechanwa. Changu cha Willy Gamba kiliazimwa na jirani 2011. Mwaka jana nimeingia kwake msibani, nakuta kimewekwa chini ya mguu wa kabati. Nimeshika sahani ya pilau nakiangalia, naye ananiangalia. Hakuna aliyesema kitu. Siku hizi hata salamu tunapeana kwa mkono mmoja.

Kibuyu Kitupu:

Si ungekivuta tu.

Fundi Saa:

Na kabati liwaangukie waombolezaji?

Binti Mkunga:

Nyie mnalia na maandishi, sisi wa tamthilia za Kituruki tumsemee nani? Ile ya saa mbili usiku, mnaijua. Mume wa Elif tumemzoea na sauti yake nzito nzuri, juzi kabadilishiwa mwenye kuingiza sauti. Sasa mume anaongea kwa sauti ileile ya mkwe wake. Wakigombana sijui nani anafukuzwa nyumbani. Halafu bibi harusi yuko ngazi ya tatu tangu Jumatatu, anashuka, muziki unapigwa, anatazama, matangazo.

Chogo la Tandika:

Huyo bibi harusi ana undugu na mlango wa Rehema.

Mama Wawili:

Sauti ya mkwe hata mimi nimeiona! Nilidhani redio yangu ndiyo mbovu.

Kalamu Kavu:

Na hao wanalipwa. Hakuna anayewatoa kwenye grupu.

Zamu ya Usiku:

Jamani uzi ni wa BALI. Kama kuna mwenye namba yake nyingine aniunganishe nimuulize mara moja tu. Buku mbili namsamehe, matusi namsamehe. Aniambie ni kaka yake au si kaka yake. Leo usiku naingia kazini, na nitakaa nikiuangalia mlango wa mapokezi mpaka asubuhi.

Mwana wa Mkunazini:

Assalaam alaikum. Niko Muscat huku, nimesoma mashtaka yote. Nyote mnataja wa bara, mmemsahau mpelelezi Bwana Msa. Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, alishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kitabu kikatoka 1960, kabla ya huyo Willy wenu kuzaliwa. Bwana Msa na kiko chake, Najum pembeni anauliza kila kitu, na mwisho wote wanakalishwa wanaambiwa moja baada ya moja. Hapo hapana bali ya kulipia. Ninavyo vitatu, vingine nimevipoteza kwenye kuhama. Kuna mtu anakuja huku karibuni kutoka Unguja?

Mzee wa Kivukoni:

Waalaikum salaam. Bwana Msa naweka silaha chini. Ila lile fumbo la nani ndugu wa nani utahitaji kalamu na karatasi.

Nyambizi:

Nami nitafutieni nakala jamani. Ila zisiwe zilizochanwa.

Pwani Mchangani:

Sheikh, mimi nakuja Alhamisi inshaallah. Kitabu chapatikana, nina mjomba Darajani. Niandikie pembeni. Mzigo una kilo ngapi?

Mwana wa Mkunazini:

Kitabu kimoja tu, ami. Na pweza mkavu kidogo. Na mama atakupa chupa ya achari.

Pwani Mchangani:

Achari tena? Mara ya mwisho ya mtu ilinipasukia kwenye kanzu za Idi, mimi na uwanja mzima wa ndege tukanuka embe.

Binti Mkunga:

Achari ya embe au ya ndimu? Mimi ya ndimu naitafuta mwezi wa pili sasa.