Printa imekataa tangu rauta ibadilishwe, naomba ushauri

dada_saiba: Asalaam aleikum wadau. Nna saiba ndogo hapa Mwembe Tayari, kompyuta nne na printa moja HP LaserJet 1320, ile isokuwa na tundu la netiwaki, kwa hivyo nilinunua kile kidude cha printi sava, USB yaingia kwa printa, waya wa netiwaki waenda kwa swichi, na miaka yote kimenifanyia kazi bila maneno. Jumamosi nimehamia faiba, fundi kaja katoa rauta ya zamani kaweka yake, intaneti mbio kabisa lakini tangu hapo hakuna kompyuta hata moja yaprinti. Kazi yaingia kwa foleni yakaa hapo hapo, baadae yaandika ofulaini. Nshazima nshawasha mpaka nimechoka, drava, ile programu ya kuendesha printa, nimetoa nimeweka upya mara mbili. Printa yenyewe nzima, nikichomeka USB kwa laptopu yatoa. Kesho kutwa nna mitihani ya madrasa nakala 200, ustadhi nshamuahidi na watoto wasubiri. Mwenye kujua anisaidie tafadhali.

wa_changamwe: Pole dada. Hiyo ya zamani sana, nunua ya waifai umalize.

dada_saiba: Kaka pesa ya printa mpya sina saa hii, na hii haijanifanyia ubaya wowote.

fundi_waya: Waleikum salaam. Usinunue kitu, na drava wachana nazo, kama kwa USB yatoa basi printa haina kosa. Hebu fungua propatizi za printa kwa Windows, uende kwa poti, uniambie imeandikwa namba gani. Halafu fungua cmd, lile dirisha la kuandika amri, uandike ipconfig, unipe namba ya kompyuta na ya geitiwei, yaani ya rauta yenyewe.

dada_saiba: Poti yasema 192.168.1.50. Kompyuta ni 192.168.100.7 na geitiwei 192.168.100.1. Nimejaribu pia kupingi hiyo ya 50, yaani kuiita nione kama yajibu, mara nne zote haijibu.

fundi_waya: Basi ndo hapo. Rauta ya zamani ilikuwa yagawa namba za 192.168.1, hii mpya yagawa za 192.168.100. Kompyuta zimehama zenyewe kwa sababu zapewa namba na rauta kila zikiwaka, lakini kidude mtu alikiwekea namba kwa mkono siku ile ya kwanza, kwa hivyo kimebaki mtaa wa zamani peke yake. Maski yako, ile yaonyesha mtaa waishia wapi, ni 255.255.255.0, maana yake zile namba tatu za mbele lazima zifanane ndo vitu viongee moja kwa moja. Zisipofanana kompyuta yapeleka kila kitu kwa geitiwei, na geitiwei hakijui kidude chako kabisa.

mvita_01: Si abonyeze riseti tu kwa sindano sekunde kumi?

fundi_waya: Ndugu yangu riseti iwe ya mwisho. Yafuta kila kitu, na vidude vingine vikirisetiwa vyarudi na namba ya kiwandani ambayo pia huijui, sasa utakitafuta wapi? Dada fanya hivi: chukua kompyuta moja, zima waifai, waya uwe kwa swichi ile ile ya kidude. Iwekee IP, yaani hiyo namba ya netiwaki, kwa mkono 192.168.1.20, maski hiyo hiyo, geitiwei acha wazi. Fungua brauza andika 192.168.1.50, ukurasa wa kidude utatokea. Ukiingia ibadilishe iwe 192.168.100.50 na geitiwei 192.168.100.1, sevu, kiwake upya. Halafu irudishe kompyuta kwa otomatiki, usisahau hapo maana utakosa intaneti.

it_wa_bandarini: Umeeleza vizuri. Naongeza, ingia kwa rauta uihifadhi hiyo 50 kwa namba ya MAC ya kidude, ile ya kiwandani ya kukitambulisha, la sivyo siku moja simu ya mteja itapewa hiyo hiyo na mtarudi hapa. Kwa Windows ongeza poti mpya ya TCP/IP yenye hiyo namba mpya, chagua Raw 9100, ndo njia ya kutumia kazi kwa printa. Ikikataa tumia LPR, njia nyengine ya kutuma, na jina la foleni ulitoe kwenye ukurasa wa kidude, herufi kwa herufi. Na chomoa ule waya utazame pini zake, hapa kwetu hewa ya chumvi yazila mpaka zawa kijani.

dada_saiba: Jamani imetoa!!! Ukurasa ulifunguka mara ya kwanza, paswedi ilikuwa kwa stika chini yake. Kompyuta tatu zaprinti, ya nne bado yasema ofulaini na namba ni sawa, nikipingi yajibu.

it_wa_bandarini: Kwa hiyo ya nne rudi kwa poti, konfigyua, toa tiki kwa SNMP. Windows yakiuliza kidude hali yake kwa njia hiyo, vidude vingi vya zamani havijibu, basi yaamua printa haipo wakati ipo.

dada_saiba: Nimetoa tiki, hapo hapo ikatema kurasa sita zilizokwama tangu Jumamosi. Allah awalipe kheri kaka zangu, kwa kweli nilikuwa nshaanza kumtafutia ustadhi saiba nyengine. Nimeandika 192.168.100.50 kwa kalamu ya wino nikabandika juu ya kidude. Naanza na za darasa la tatu.